Nimelipa milioni 2.3, mbona deni limeshuka milioni moja tu?

Dada shikamoo. Naomba jina langu usilitoe maana hili jambo hata ndugu zangu hawalijui, analijua mume wangu tu na yeye ndiye amenisukuma nikuandikie kwa sabb tumeshabishana mpaka tumechoka.

Nilichukua mkopo wa milioni 6 kumalizia ujenzi, miezi 48, riba asilimia 24 kwa mwaka, rejesho ni 195,611 kila mwezi na linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa hiyo sijawahi kuchelewa hata siku moja. Sasa nimetimiza mwaka mmoja, nikasema ngoja niombe stetimenti nione nimebakiza shilingapi, moyoni nilikuwa na furaha kabisa kwa sababu nimeshalipa mara 12, ukijumlisha ni 2,347,332. Nikajua deni litakuwa limebaki milioni 3.6 na kitu. Dada, nimeangalia ile karatasi mara tatu, imeandikwa salio 4,985,897. Yaani nimetoa milioni 2.3 na deni limeshuka milioni moja tu! Nilipomuuliza yule afisa mikopo akanijibu kwa kifupi "nyingine ni riba" akaita mteja mwingine.

Mimi wakati nakopa nilipiga hesabu hivi, asilimia 24 ya milioni 6 ni 1,440,000, basi nitarudisha milioni 7 na laki nne na ushee. Juzi nimezidisha 195,611 mara 48 nimepata 9,389,328, nikahisi kizunguzungu. Hii riba imetoka wapi? Mume wangu anasema nimeibiwa, eti wanakata riba yote mwanzoni ili hata ukitaka kumaliza mapema wao wawe wameshakula chao, na anataka tukawashtaki.

Halafu kuna mwenzangu kazini ameniambia kuna taasisi nyingine inaweza kununua huo mkopo wangu, watanipa milioni 5 nikalipe kule nilikokopa halafu nianze upya kwao kwa miezi 36, riba yao ni asilimia 1.5 kwa mwezi wakati mimi sasa hivi nalipa asilimia 2. Nimeshapewa fomu na nimeijaza, bado kusaini. Kwenye fomu kuna ada ya kuandaa mkopo asilimia 2 wanaikata kabla hawajakupa hela. Nimeuliza rejesho litakuwa shilingapi wakasema tutakuambia ukisaini.

La mwisho, nina akiba yangu laki 8 benki, inanipa riba asilimia 5 kwa mwaka. Mimi nawaza niitoe nipunguze deni, mume wangu anasema akiba haiguswi, hela inayozaa usiitoe kwenda kuizika kwenye deni. Pia nikijibana naweza kutoa 50,000 ya ziada kila mwezi, ila sijui kama kuna faida yoyote maana naona kila ninacholipa kinaliwa na riba tu. Nisaidie dada yangu, nishike lipi?

Mimi, Mwenye Salio Lisiloshuka

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na asante kwa kuandika namba zako zote, watu wengi wananiandikia "nina mkopo mkubwa nifanyeje" bila riba wala muda wala salio na hapo nashindwa hata pa kuanzia. Kitu cha kwanza, kabla ya yote, ile fomu usiisaini. Iweke kabatini, nitakuambia kwa nini huko mbele.

Sasa tuje kwenye stetimenti yako. Nimekaa na kalkuleta nikapitia mwezi kwa mwezi na hesabu yao iko sawa, hujaibiwa, ila hukueleweshwa na hilo nakubaliana na wewe kwamba linauma, afisa mikopo anayemjibu mteja "nyingine ni riba" halafu anaita mwingine hajafanya kazi yake, kwa sababu maelezo yenyewe hayamalizi hata dakika tano.

Iko hivi. Mkopo wako una vitu viwili, kuna ile hela uliyopewa mkononi, milioni 6, hiyo ndiyo deni la msingi, na kuna riba ambayo ni kodi ya kukaa na hela ya mtu. Kodi hiyo inapigwa kila mwezi kwenye kiasi cha msingi ambacho bado hujarudisha. Asilimia 24 kwa mwaka ukigawa kwa miezi 12 ni asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulikuwa unadaiwa milioni 6 nzima, asilimia 2 yake ni 120,000. Ukalipa 195,611. Toa ile 120,000 ya riba, inabaki 75,611, na hiyo tu ndiyo iliyokwenda kupunguza deni la msingi. Salio likawa 5,924,389. Mwezi wa pili riba ikapigwa kwenye hilo salio jipya sio kwenye milioni 6 tena, ikatoka 118,488, kwa hiyo kwenye rejesho lile lile la 195,611 msingi ukapata 77,123. Umeona? Riba imeshuka kidogo, sehemu ya msingi imepanda kwa kiasi hicho hicho. Inaendelea hivyo kila mwezi, na mwezi wa 12 riba ilikuwa 101,598 na msingi 94,013.

Ukijumlisha miezi yote 12 unapata riba 1,333,229 na msingi 1,014,103, jumla ndiyo hiyo hiyo 2,347,332 uliyolipa. Milioni moja uliyoona imeshuka ndiyo hiyo.

Kwa hiyo mume wako anaposema wanakata riba yote mwanzoni namuelewa kabisa anatoa wapi hiyo picha, maana kweli mwanzoni riba ni kubwa, lakini ni kubwa kwa sababu mwanzoni deni ni kubwa, hakuna riba ya mwaka wa tatu iliyokatwa mwaka wa kwanza. Ushahidi unao mwenyewe hapo hapo. Rejesho lako la 14, yaani miezi miwili tu kutoka sasa, litagawanyika karibu nusu kwa nusu, riba 97,800 na msingi 97,811. Kuanzia hapo msingi unaizidi riba na pengo linazidi kupanuka mpaka rejesho la mwisho kabisa ambalo riba yake haifiki hata 4,000, kwenye rejesho hilo hilo la 195,611. Sasa kama wangekuwa wameshakula chao chote mwanzoni usingekuwa na faida ya kulipa mapema, na kwa mkopo wa aina yako faida ipo tena kubwa, tutaiona.

Na ile hesabu yako ya 1,440,000, kosa liko sehemu moja tu. Asilimia 24 ni ya mwaka mmoja na wewe umekopa miaka minne. Ungekaa na milioni 6 yote mwaka mzima bila kupunguza chochote hapo ndipo ungedaiwa riba ya 1,440,000 kwa mwaka huo, mwaka unaofuata nyingine, na kuendelea. Kwa kuwa unapunguza kila mwezi haifiki huko, inakuwa 3,389,328 kwa miaka yote minne. Bado ni nyingi, sikufichi, na iliyoifanya iwe nyingi hivyo zaidi ya asilimia yenyewe ni muda. Mkopo huo huo, riba hiyo hiyo, ungeuchukua kwa miezi 24 rejesho lingekuwa 317,227 kwa mwezi, zito kweli, lakini riba yote ingekuwa 1,613,437 tu, chini ya nusu ya unayolipa sasa. Ndiyo maana mkopeshaji anafurahi sana kukuongezea muda na anakuambia "tutakupunguzia makali ya rejesho", na ni kweli rejesho linapungua, ila anaongeza miezi ya kukaa na deni, na kila mwezi unaokaa na deni una riba yake. Watu wanauliza "rejesho ni shilingapi kwa mwezi" wakiridhika nalo wanasaini, hawaulizi jumla nitarudisha shilingapi. Naomba swali hilo la pili likae kichwani mwako maisha yako yote, kwenye mkopo wowote.

Haya sasa ile fomu. Hapa ndipo nimeona hatari yenyewe, na ningekuwa karibu ningekunyang'anya kabisa hiyo karatasi.

Wewe umeona 1.5 ni ndogo kuliko 2 na mtu yeyote angeona hivyo. Lakini asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue inapigwa kwenye salio gani. Kwenye mkopo wako wa sasa inapigwa kwenye salio linalopungua. Mikopo mingi inayotangazwa kwa asilimia ndogo ndogo za kwa mwezi inakuwa ni riba ya flati, maana yake riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi mpaka mwisho, hata kama umeshalipa karibu yote. Sijui mkataba wao unasemaje kwa sababu hukunitumia, na ndiyo maana wanapokwambia rejesho utalijua ukishasaini mimi nasimama hapo hapo, huwezi kusaini deni ambalo hujui rejesho lake, hapana.

Tuchukulie ni flati. Milioni 5 mara asilimia 1.5 ni 75,000 ya riba kila mwezi. Msingi ni milioni 5 gawanya kwa 36, yaani 138,889. Rejesho linakuwa 213,889. Linganisha na 195,611 unayolipa sasa, na miezi iliyobaki ni ile ile 36! Yaani unahamia kwenye riba "ndogo" halafu rejesho linapanda kwa elfu 18 na kitu. Riba yote kule itakuwa 2,700,000. Ukibaki ulipo, bila kuongeza hata mia, riba iliyobaki kwa miezi 36 ni 2,056,099. Tofauti ni zaidi ya laki 6, na unaitoa kwa kudanganywa na namba ndogo.

Angalia hasa mwezi wa mwisho ndio utaelewa inavyofanya kazi. Rejesho la 36 kule unakuwa umebakiza msingi wa 138,889 tu, lakini bado wanakutoza riba ya 75,000 kana kwamba una milioni 5 yao mfukoni. Hiyo ni zaidi ya nusu ya unachodaiwa, kwa mwezi mmoja! Ukiigeuza hiyo flati ya 1.5 uiseme kwa lugha ya salio linalopungua ili zilingane na mkopo wako, inakuwa kama asilimia 2.5 kwa mwezi. Kwa hiyo ukweli wa mambo unatoka asilimia 2 kwenda 2.5, hushuki, unapanda.

Na bado hatujagusa ada. Asilimia 2 ya milioni 5 ni 100,000, wanaikata kabla, kwa hiyo mkononi unapata 4,900,000. Deni lako la sasa ni 4,985,897. Haitoshi! Utatakiwa utafute 85,897 nyingine mfukoni kwako ili tu uweze kufunga mkopo wa zamani, na riba ya mkopo mpya unalipa kwenye milioni 5 kamili ambayo hujawahi kuishika yote. Hapo kuna bima ya mkopo pia mara nyingi, iulize.

Kama unataka kuwa na haki kwao nenda kawaulize maswali mawili kabla ya kurudisha fomu, riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa mwanzo, na jumla nitakayorudisha mpaka mwisho pamoja na ada zote ni shilingapi. Waombe ratiba ya marejesho iliyoandikwa, mwezi kwa mwezi, riba na msingi kila moja kwenye safu yake. Mkopeshaji yeyote anaweza kuitoa, ipo kwenye kompyuta yake, ni kubonyeza tu. Ikiwa kweli ni asilimia 1.5 kwenye salio linalopungua hapo mazungumzo ni mengine, utakuwa umeokoa hata baada ya ada na tutakaa tupige hesabu upya. Wakikataa kuitoa ratiba umeshapata jibu lako.

Nije kwenye akiba, hili ndilo linalowagombanisha nyumbani kwa hiyo nitaenda nalo polepole.

Mume wako anasema hela inayozaa haiguswi. Yuko sahihi kwamba inazaa. Akiba na mkopo vinatumia hesabu ile ile, ila mmebadilishana viti, kwenye akiba wewe ndiye mkopeshaji na benki ndiyo inakulipa kodi ya kukaa na hela yako. Uzuri wake riba ikiingia na usipoitoa inageuka kuwa sehemu ya msingi, na mwezi unaofuata riba inapigwa kwenye kiasi kilichokua. Laki 8 yako kwa asilimia 5, ikiingizwa kila mwezi na kuachwa miaka 10 inafika kama 1,317,600, wakati ungekuwa unapigiwa riba kwenye ile laki 8 ya mwanzo tu ingekuwa 1,200,000. Hiyo laki na zaidi ni riba iliyozaliwa na riba. Kwa hiyo mume wako hajakosea kuipenda akiba, tena wanaume wanaolinda akiba ya mke badala ya kuitamani ni wa kushukuriwa.

Lakini swali si kama inazaa, swali ni inazaa kiasi gani ukilinganisha na kinachoondoka upande wa pili. Laki 8 kwa asilimia 5 kwa mwaka inakupa kama 3,333 kwa mwezi. Laki 8 hiyo hiyo ikiwa ni sehemu ya deni lako inakutoza asilimia 2, yaani 16,000 kwa mwezi. Unapokea 3,333 kwa mkono mmoja, unatoa 16,000 kwa mkono mwingine, kwa hela ya kiasi kile kile, kila mwezi. Hakuna akaunti ya akiba ya kawaida itakayokulipa asilimia 24 kwa mwaka bila hatari yoyote, na akitokea mtu anakuahidi hivyo mkimbie, lakini kupunguza deni la asilimia 24 kunakuokolea asilimia 24 ya uhakika. Ongeza kwamba bei za vitu nazo zinapanda, zikipanda kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka basi hata hiyo akiba yenyewe inaongezeka namba huku uwezo wake wa kununua ukipungua.

Hata hivyo sitakuambia utoe laki 8 yote, hapo niko na mume wako kwa nusu. Ukibaki mtupu kisha mtu akaugua au mshahara ukachelewa utakimbilia mkopo wa haraka, na ile mikopo ya siku 30 inayokata asilimia 10 watu wanaiona rahisi kwa sababu ni "asilimia 10 tu" lakini ni kwa mwezi mmoja, ukiichukua mfululizo mwaka mzima ni asilimia 120. Utakuwa umelipa deni la 24 kwa kuingia deni la 120. Kwa hiyo toa laki 5, bakiza laki 3 iendelee kukaa pale pale benki kwa ajili ya dharura na hiyo kweli isiguswe. Kama kipato chenu hakitabiriki, bakizeni zaidi, nyie ndio mnajua nyumba yenu.

Laki 5 ikiingia yote kwenye msingi salio linashuka mpaka 4,485,897 na ukiendelea kulipa rejesho lile lile la 195,611 unamaliza kwa miezi 31 badala ya 36. Marejesho matano yanafutika, karibu 980,000, kwa kutoa laki 5. Ukiondoa humo ile laki 5 uliyolipa, umeokoa riba ya karibu 480,000. Na ile 50,000 yako ya ziada uliyokuwa unaidharau, ile isiyo na faida, sikiliza vizuri. Riba ya mwezi inakuwa imeshalipwa ndani ya rejesho la kawaida, kwa hiyo kila shilingi ya ziada haina riba ya kulipia, inaingia yote kwenye msingi. Hata bila kugusa akiba kabisa, 50,000 peke yake kila mwezi inakumalizia mkopo kwenye mwezi wa 27 kuanzia sasa na kuokoa kama 580,000. Ukifanya vyote viwili, laki 5 sasa na 50,000 kila mwezi, unamaliza kwa miezi 23 na riba unayokwepa inapita laki 9. Miezi 13 nzima kabla ya wakati! Hizo 245,000 ulizokuwa unatoa kila mwezi zote zinarudi kwako, hapo ndipo muanze kuijaza ile akiba mpaka mume wako afurahi.

Kuna sehemu moja watu wengi wanaikosea wakishaenda na hela mkononi, kwa hiyo soma hapa mara mbili. Ukilipa laki 5 ya ziada mkopeshaji anaweza kuishughulikia kwa njia mbili. Anaweza kuacha rejesho lilivyo akafupisha muda, au akaacha muda ule ule wa miezi 36 akapunguza rejesho, na wengine wanakupa ya pili bila hata kukuuliza kwa sababu mteja akiona rejesho limeshuka anaondoka anacheka. Kwako rejesho lingeshuka mpaka 175,995, raha kweli, lakini riba utakayookoa ni kama 206,000 tu badala ya 480,000. Laki 5 ile ile, siku ile ile, dirisha lile lile, na umepoteza zaidi ya laki mbili na nusu kwa kutosema sentensi moja. Kwa hiyo andika barua, usiseme kwa mdomo tu, andika kwamba kiasi hiki ni cha kupunguza deni la msingi, rejesho libaki kama lilivyo, muda ufupishwe, na naomba ratiba mpya. Waigonge muhuri nakala yako. Kuna wengine pia wakiona hela ya ziada wanaihifadhi kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, hiyo nayo haipunguzi msingi leo, ndiyo maana nasisitiza maneno "deni la msingi" yawemo kwenye barua. Ile 50,000 pia, kwa kuwa rejesho lako linakatwa kwenye mshahara, uliza inaingizwa vipi kila mwezi na iandikwe hivyo hivyo.

Kuhusu kushtaki, hamna kesi hapo kwa namba ulizonipa. Kinachoweza kuwapa hoja ni kama mkataba wako unasema kitu tofauti na stetimenti, kwa mfano ada au faini ambazo hukusaini. Kaeni wawili jioni moja, mkataba upande huu na stetimenti upande huu, anzeni na mwezi wa kwanza, milioni 6 mara 0.02, mtoe kwenye 195,611, mshuke mstari kwa mstari. Mkifika mstari wa nne au wa tano mume wako ataanza kuitaja namba inayofuata kabla yako, namba zinatoka zenyewe. Mkikuta mstari usiofuata hesabu hiyo basi andikeni malalamiko kwa mstari huo mmoja, kwa maandishi, mtasikilizwa zaidi kuliko kwenda kusema mmeibiwa.

Wakati mmeshika mkataba tafuteni kipengele cha kulipa kabla ya muda. Baadhi ya wakopeshaji wanatoza faini ukilipa mapema na wengine wanaruhusu kumaliza mkopo wote tu lakini hawapokei kiasi cha kupunguza. Kama ni faini msikate tamaa, pigeni hesabu yake. Tuseme ni asilimia 3 ya kiasi unachopunguza, kwa laki 5 ni 15,000, mbele ya 480,000 unayookoa bado inalipa sana, lipa tu. Ila kama hawapokei kabisa malipo ya sehemu, fungua akaunti nyingine ya akiba, weka humo ile 50,000 kila mwezi pamoja na laki 5, na kila baada ya miezi mitatu waulize kiasi cha kumaliza mkopo wote ni shilingapi kwa tarehe hiyo, kwa maandishi. Siku akiba ikitosha kukifikia, nenda ukamalize.